Makao ya Wazee Hupimwa Saa Nane za Usiku

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa dini, maofisa ustawi wa jamii, wahudumu wenzangu, na ninyi wazee wangu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Wa Usukuma, mwangaluka.

Tumekutana tarehe 15 Juni, siku iliyotengwa duniani kote kupinga ukatili dhidi ya wazee. Tangu asubuhi tumesikia ukatili ukitajwa kwa sura ambazo watu wa kanda hii ya ziwa tunazijua vizuri mno: panga la usiku, tuhuma za uchawi, bibi anayenyooshewa kidole kwa macho mekundu, ilhali kila aliyepika nyumba moja naye anajua wekundu ule ni wa moshi wa kuni na samadi kavu. Wapo wazee walio kwenye makao hivi leo kwa sababu walifukuzwa vijijini kwao kwa maneno hayo. Waliotangulia wameyasema vizuri, sitayarudia. Nataka kuzungumza juu ya kinachomfika mzee akishaingia mahali tunapopaita salama.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, na 11 ya mwisho nilikuwa msimamizi wa makao ya wazee kando ya ziwa letu hili la Victoria. Katika miaka hiyo nilipokea wageni wengi. Wageni huja saa nne asubuhi, au Jumapili baada ya ibada. Wanakuta shuka zimebadilishwa, wazee wameoga, wamekaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, upepo wa ziwa unapuliza. Wanakabidhi mchele, sabuni na mafuta ya kupaka, wanapiga picha, wanaondoka na moyo mweupe. Nawashukuru, na Mungu awabariki. Lakini makao ya wazee hayajulikani saa nne asubuhi. Yanajulikana saa nane za usiku, umeme umekatika, mhudumu ni mmoja, na mzee wa kitanda cha mwisho anataka kwenda haja ndogo.

Niwasimulie. Tulikuwa na bibi mmoja kutoka Ukerewe, mtaratibu, msafi, mwenye aibu ya watu wa zamani. Akaanza kukataa chai ya jioni. Kisha akakataa uji. Kisha hata maji, kuanzia saa kumi alasiri hagusi kikombe. Akiulizwa anajibu, "Sina kiu." Tukaona sawa, maana ni kweli kwamba mtu akizeeka kiu hupungua, mwili unakauka bila yeye kuhisi. Baada ya kama wiki mbili akaanza kuita watu waliokwisha kufa. Akamtukana mhudumu matusi ambayo hatujawahi kumsikia nayo. Akawa anatoka nje usiku anatafuta mtumbwi. Wahudumu wengine wakasema ni mapepo, wengine wakasema ndiyo uzee umefika kichwani. Mimi msimamizi, muuguzi niliyesoma, nikaandika kwenye faili lake: "Amechanganyikiwa kwa sababu ya umri."

Tulipomfikisha hospitali, daktari akamtazama ulimi, akamfinya ngozi kifuani, akapima mkojo. Mwili ulikuwa umekauka, na alikuwa na maambukizi katika njia ya mkojo. Akawekewa dripu, akapewa antibayotiki. Siku ya nne akatuuliza khanga yake ya rangi ya kahawia iko wapi. Akili yake ilikuwa palepale. Nilipokaa naye, na mwenzake akanitafsiria Kikerewe, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema usiku akiita haji mtu. Akijikojolea, asubuhi anasemwa mbele ya watu. Kwa hiyo ameona afadhali asinywe.

Dawa zilikuwapo, chakula kilikuwapo, maji yalikuwapo. Kilichomlaza hospitali bibi yule ni aibu, na aibu ile tuliitengeneza sisi.

Tulichofanya baadaye hakikuhitaji mfadhili. Fundi seremala alitutengenezea viti vya haja vyenye tundu, chini tukaweka ndoo yenye mfuniko, kila kimoja karibu na kitanda. Maji tukayaanza mapema, vikombe vinahesabiwa kuanzia asubuhi hadi alasiri ili usiku usiwe mzito. Na mhudumu wa zamu ya usiku akaacha kusubiri kuitwa. Saa tatu, saa sita na saa tisa anapita kitanda kwa kitanda na tochi, anauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, twende?" Vitanda vya kulowa vilipungua sana, na watu wakarudi kunywa.

Hapo nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapopoteza watu. Mzee ambaye jana alikuwa sawa na leo anaropoka, au amenyamaza ghafla, amelala tu, hashiki kijiko, huyo ni mgonjwa mpaka vipimo viseme vingine. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mkojo, kichomi, sukari iliyoshuka, hata choo kilichofunga siku tano. Na usisubiri mwili uwe wa moto. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na kipimajoto kisiseme kitu. Ugonjwa wa kusahau wenyewe upo, na upo kwetu pia: utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kama watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huo. Lakini ule huja polepole, kwa miezi na miaka. Kinachokuja kwa siku mbili kina jina jingine, na mara nyingi kina tiba.

Na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hurudi kwenye lugha aliyonyonyeshwa nayo. Kiswahili kinaondoka, kinabaki Kisukuma, Kijita, Kikara, Kizinza. Nimemwona mhudumu kijana, mtoto mzuri kabisa, akimbembeleza mzee ale ugali, na mzee analia "minzi, minzi", yule kijana hajui kwamba anaombwa maji. Ndiyo maana pale kwetu tulibandika karatasi juu ya kila kitanda, maneno kumi tu ya lugha ya mzee: maji, maumivu, baridi, haja, njaa, na mengine ya namna hiyo. Wazee wenzake ndio waliotuandikisha.

Nije kwenye kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Sisi wa Mwanza tumejenga juu ya miamba. Nyumba zinapendeza ukizitazama ukiwa majini, lakini kutoka chumbani hadi chooni kuna ngazi tatu za mawe, hazilingani urefu, hazina cha kushika. Ndani, sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka unaona uso wako. Mgeni anaisifu. Mimi nikiiona nasikia mfupa wa nyonga ukivunjika. Miguuni kuna kandambili zilizolegea kamba. Na chandarua, ambacho hatuwezi kukiacha kwa sababu ya malaria, kimechomekwa chini ya godoro pande zote, mzee anashuka gizani, kidole kinanasa. Nimeokota watatu kwa sababu ya chandarua peke yake. Sasa mambo haya dawa yake iko kwa fundi na kwenye duka la vifaa vya ujenzi: bomba la kushikia lililofungwa imara ukutani, nta iachwe, taa ndogo ya sola kwenye njia ya chooni, viatu vinavyoshika kisigino. Chandarua kining'inizwe kwenye fremu ya mstatili, na mzee afunguliwe na mhudumu kwa zile zamu nilizosema. Kwa wanaomeza dawa za presha, wafundishwe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, wavute pumzi kadhaa, ndipo wasimame. Presha hushuka mtu akiinuka ghafla.

Lipo jambo linalofanywa kwa jina la kuzuia kuanguka, nami lazima nilitaje ingawa najua humu ndani kuna walioliona na pengine kulifanya. Kumfunga mzee. Kwa khanga, kwa kitenge, kwa mpira wa baiskeli, kitandani au kwenye kiti, "ili asijiumize". Ndugu zangu, mtu aliyefungwa hupambana, na akianguka huanguka na kiti chake. Misuli inaisha kwa kukaa, kwa hiyo siku akifunguliwa ndiyo anaanguka kweli. Ngozi inaoza. Na yule mzee, ambaye huenda alilea watoto tisa na kuzika mume, anajua kwamba amefungwa kama mbuzi wa mnadani. Sijawahi kukubali sababu yoyote ya kumfunga mzee, na sitakubali. Mzee anayezurura usiku anatafuta kitu: choo, joto, chakula, au mtu. Mfuate ujue anachotafuta.

Kufuli vilevile. Mlango wa bweni unaofungwa kwa kufuli kwa nje usiku ni hatari isiyo na kisingizio, hasa kwetu tunaowasha mishumaa umeme ukikatika. Ufunguo ukae ndani, sehemu moja, kila mhudumu aijue. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani eti asubuhi kuna baridi ya ziwa. Hewa ya mkaa haina harufu, inaua watu waliolala.

Vidonda vya kulalia. Tulifundishwa kwamba mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, na kwamba dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Kitabu kile kiliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu, hutauona. Tazama mahali palipokuwa peusi zaidi au penye rangi ya zambarau kuliko pembeni, kisha weka mgongo wa mkono: je, pana joto kuliko jirani yake? Pamekuwa pagumu, au pamekuwa laini kama embe lililoiva sana? Tazama visigino, nyonga, mfupa wa chini ya kiuno, na masikio. Masikio husahaulika. Ukikuta hivyo, hapo pasilaliwe tena mpaka parudi hali yake. Na usipasugue. Zamani tulisugua kwa spiriti tukidhani tunasaidia, kumbe tunachuna.

Chakula nitakisema kwa ufupi, ingawa kwa watu wa ziwa ni jambo la heshima. Mzee wa huku hajala mpaka ale samaki. Mpe. Lakini mzee aliyepata kiharusi, au asiye na meno, usimwekee sato mzima mwenye miiba ukaondoka. Mnofu wa sangara, uliochambuliwa kwa vidole vyako mwenyewe, na ugali mlaini wenye mchuzi. Dagaa wasagwe. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ichemshwe mpaka ilainike. Alishwe amekaa wima, kijiko kidogo, asisemeshwe akiwa anameza, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Wengi wanaosemekana wamekufa kwa kifua, chakula ndicho kilichoingia kifuani.

Dawa ndizo zilizonifundisha kunyenyekea. Tulikuwa na wazee wawili wa jina moja, mmoja ana kisukari, mmoja hana. Nilikuwa zamu usiku kuamkia Jumatatu, nimechoka, nikampa vidonge vya sukari yule asiye na kisukari. Ni mimi, kwa mkono wangu. Vidonge vile vya aina ya zamani hushusha sukari kwa muda mrefu, na mzee alikuwa hajala vizuri. Alfajiri nikamkuta amelowa jasho, anatetemeka, hanitambui. Tulimpa sukari, tukamkimbiza hospitali, akapona. Mchana ule nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema mzee aliugua usiku, na asingekuwapo wa kunipinga. Nilikwenda kwa familia yake nikawaambia nilichofanya. Kaka yake mdogo alinifokea, na alikuwa na haki. Tangu siku ile kila mzee akawa na picha yake kwenye karatasi ya dawa, jina la baba na la babu, na dawa haitolewi mpaka umemwuliza mwenyewe jina lake au umelinganisha uso na picha. Kama ningenyamaza, wale wawili wangebaki na jina moja mpaka siku mmoja wao afe.

Kwa hiyo nikifika kwenye makao yoyote, siombi kuonyeshwa jiko. Naomba daftari la zamu ya usiku. Nimeshika daftari ambalo kurasa 30 mfululizo zimeandikwa, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, "Wazee wote wazima, hakuna tatizo." Wazee 40, usiku 30, hakuna hata mmoja aliyekohoa? Daftari la namna hiyo linaniambia kwamba mhudumu analala, au anaogopa. Daftari ninaloliamini limeandikwa: kitanda cha 6 amekunywa vikombe viwili tu tangu mchana; kitanda cha 11 kisigino cha kushoto kina joto; kitanda cha 3 nusura ateleze bafuni, sabuni ilikuwa chini. Hilo la "nusura" ndilo la thamani kuliko yote. Anayeliandika asikatwe mshahara, asifokewe mbele ya wenzake. Ukimwadhibu mara moja, daftari lako litarudi kuwa la "hakuna tatizo", na wewe msimamizi utakuwa kipofu.

Nisiwaonee wahudumu. Shirika hilohilo la Afya Duniani limeeleza kwamba katika tafiti za makao ya kulea wazee, wahudumu 2 kati ya 3 walikiri kuwa ndani ya mwaka mmoja walimtendea mzee ubaya wa namna fulani. Wawili kati ya watatu! Sidhani kwamba watu wabaya ni wengi kiasi hicho. Ninachokijua ni kwamba ukimwacha msichana wa miaka 22 peke yake na wazee 25 usiku kucha, mshahara wa mwezi jana haujaja, na mzee amejisaidia kitandani kwa mara ya tatu, mkono unaweza kuinuka. Mkono ule ni kosa, na lazima akemewe, na ikibidi aondoke. Lakini aliyempangia zamu ile naye aulizwe. Usiku wawe wawili kwa uchache. Mkiniambia fedha hakuna, nitauliza mmetumia kiasi gani kupaka rangi ukuta wa mbele.

Ndugu wa wazee, nanyi nina neno nanyi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mahali pa kwanza pa mzee ni familia, na makao ni pale njia nyingine zimeshindikana. Ni kweli. Lakini zipo familia ambazo mtoto yuko mgodini Geita, mwingine Dar es Salaam, mwingine alizama na mtumbwi. Wapo wasio na mtu kabisa, na kwa ajili yao serikali ina makao kama ya Bukumbi kule Misungwi, mashirika ya dini yana yao. Sitamlaumu aliyemleta mzazi wake. Namwomba tu aje bila kutoa taarifa, aje hata saa mbili usiku. Akifika asiishie kwenye soda na maandazi. Avue soksi za mama yake atazame visigino. Atazame kama pete inazunguka kidoleni ambako zamani ilikuwa imebana, maana mtu anakonda wakati tunamwambia anaendelea vizuri. Aulize nani alikuwa zamu jana usiku, amsalimie kwa jina lake.

Na maofisa ustawi mliopo hapa, ombi langu kwenu ni moja. Mnapokuja kukagua, mnaandika barua wiki mbili kabla, tunapaka chokaa. Njooni usiku. Njooni wawili, na tochi, saa nane. Kaeni kimya kwenye korido dakika 20 msikilize: mzee akiita, inachukua muda gani hadi miguu ya mtu isikike. Yaandikeni hayo kwenye fomu zenu, juu kabisa, kabla ya idadi ya vitanda.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona unatazama saa. Nimeomba kitanda kile kisogezwe hapa mbele. Naomba wahudumu watatu wa zamu za usiku waje, mmoja alale awe mzee aliyepooza upande wa kulia, wawili wamgeuze. Tutatumia shuka iliyokunjwa chini ya mgongo na mapaja, tumnyanyue bila kumburuta, halafu tuweke mto kati ya magoti na visigino viachwe hewani. Mwambieni kwanza mnachotaka kumfanyia, kabla hamjamgusa. Na mwenye swichi, tafadhali zima taa za ukumbi, tufanye kama inavyokuwa kweli. Tochi ninayo.